Vitabu vya Sauti katika Malezi ya Wasomaji Chipukizi: Kumbukumbu kutoka Makoko

Kitabu cha sauti ni kitabu kilichosomwa na kurekodiwa neno kwa neno kama kilivyochapishwa, ili msikilizaji akipate kwa sikio kile ambacho msomaji hukipata kwa jicho. Kwa sababu hiyo kinatofautiana na mchezo wa redio, ambao tangu mwanzo huandikwa ili uigizwe, na kinatofautiana pia na simulizi zinazosambazwa kwenye simu, ambazo msimulizi huzirefusha au kuzifupisha apendavyo. Walimu na wazazi wengi nchini Tanzania hukitazama kwa shaka, wakiamini kwamba mtoto anayesikiliza kitabu anakwepa kazi ya kukisoma. Makala haya yanatetea msimamo ulio kinyume, kwamba kwa mtoto wa Kanda ya Ziwa, ambaye hukutana na Kiswahili cha vitabuni kwa mara ya kwanza darasani, kusikiliza kitabu ni sehemu ya kusoma kwenyewe, na aghalabu ndiyo sehemu aliyonyimwa. Hoja hiyo ina tegemeo katika tafiti zinazojulikana, lakini zaidi inatokana na kumbukumbu za mwandishi, aliyekulia Makoko na baadaye akafundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Musoma na Bunda.

Makoko ni kata ya Manispaa ya Musoma iliyo kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, na wakazi wake, kama walivyo wakazi wa sehemu kubwa ya Mkoa wa Mara, ni watu wa lugha nyingi: Wakwaya, Wajita, Wazanaki, Waikizu, Wakuria, Wajaluo na wengine walioletwa na samaki, ajira au ndoa. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, mwaloni na kanisani, na kwa shughuli hizo kinatosha kabisa, kwa kuwa mtu hahitaji sentensi yenye vishazi vitatu ili auze debe la dagaa. Kiswahili cha vitabuni, hata hivyo, ni kingine. Kina mpangilio mrefu wa mawazo, kina viunganishi ambavyo mtoto hajawahi kumsikia mama wala rafiki akivitamka, na kina namna ya kusimulia ambayo hutaja jambo la kesho kabla ya jambo la leo. Mtoto huyakuta yote hayo kwenye karatasi kabla ya kuyasikia, na hapo ndipo ugumu unapoanza.

Makoko yenyewe ina historia inayolihusu jambo hili moja kwa moja. Mapadri wa shirika la Maryknoll kutoka Marekani, walioingia Musoma mwaka 1946, walianzisha hapo shule ya lugha ambamo kwa miongo kadhaa wamisionari na wageni wengine wamefundishwa Kiswahili, si mbali na Seminari ya Mtakatifu Pius wa Kumi. Mwandishi anakumbuka jinsi watoto waliopita njia ile wakienda ziwani walivyosikia watu wazima, wengine wenye mvi na shahada za vyuo vikuu, wakiitikia kwa pamoja sentensi waliyotamkiwa na mwalimu, wakiirudia hadi viambishi vikae mahali pake. Hakuna mzazi wa Makoko aliyewahi kusema kwamba wageni wale walikuwa wavivu wa kusoma. Ilieleweka kwamba lugha huingia kwanza kwa sikio, na kwamba kitabu kitafuata. Ni jambo la kusikitisha kwamba busara hiyo, iliyokubalika kwa mgeni mwenye umri wa miaka hamsini, haikupewa nafasi kwa mtoto wa Kijita wa darasa la pili aliyekaa hatua chache kutoka hapo.

Wataalamu wa usomaji wana maelezo yanayolifafanua jambo hili vizuri. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walipendekeza kwamba uwezo wa kuelewa maandishi ni zao la mambo mawili yanayozidishana. La kwanza ni kusimbua, yaani kugeuza herufi ziwe sauti na maneno. La pili ni uelewa wa lugha, yaani uwezo wa kuelewa maneno hayohayo pindi yanaposemwa. Kwa kuwa ni kuzidisha na si kujumlisha, upungufu wa upande mmoja haufidiwi na wingi wa upande wa pili, na sifuri ya upande wowote hufanya jawabu lote liwe sifuri. Tahajia ya Kiswahili ni nyepesi na ya kutabirika, kila herufi ikitunza sauti yake, hivyo mtoto aliyefundishwa ipasavyo huweza kusimbua mapema. Wepesi huo ni neema, lakini pia huficha tatizo, maana mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti safi huku upande wa pili wa hesabu ukiwa karibu mtupu.

Hali hiyo mwandishi aliikuta mara nyingi kidato cha kwanza. Mwanafunzi husimama, hushika kitabu kwa mikono miwili, husoma aya bila kukwama, hupumua kwenye mkato na kushusha sauti kwenye nukta, na darasa huamini kwamba amesoma. Akiulizwa ni nani aliyeondoka nyumbani na kwa nini, huinamia tena aya ileile na kuanza kuisoma upya kutoka neno la kwanza, kwa kuwa njia pekee aliyonayo ya kujibu ni kuyarudia maneno. Tathmini za mpango wa Uwezo, zilizoanza kufanyika nchini mwaka 2010, zilionyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, na serikali ilijibu kwa kuupa uzito mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, maarufu kama KKK, ulioanza mwaka 2015. Hatua hiyo ilikuwa sahihi na ilihitajika, ila nguvu yake kubwa ilikuwa katika kusimbua. Uelewa wa lugha ya vitabuni haufundishwi kwa silabi. Hujengwa kwa kusikia lugha hiyo kwa wingi, ikiwa imebeba jambo ambalo mtoto anataka kulijua.

Wingi huo ndio ambao kitabu cha sauti kinaweza kuutoa. Thomas Sticht na wenzake, katika kazi yao ya mwaka 1974, walikusanya tafiti nyingi na kuonyesha kwamba katika miaka ya shule ya msingi watoto huelewa zaidi wanaposikiliza kuliko wanaposoma, na kwamba pengo hilo hufungika karibu na darasa la saba au la nane. Maana yake ni kwamba mtoto wa darasa la nne anaweza kuifuata kwa sikio hadithi ambayo kwa jicho ingemshinda, na kwamba kumsubirisha hadi jicho lifike ni kumnyima miaka ya hadithi, msamiati na fikra ambazo tayari anazimudu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliopima ubongo wa watu waliosoma na kusikiliza hadithi zilezile, waliona kwamba maana ya maneno huchorwa katika maeneo yaleyale ya ubongo, iwe neno limepitia jicho au sikio. Mipaka nayo ipo. Katika utafiti wa mwaka 2010, David Daniel na William Woody waliona kwamba wanafunzi wa chuo waliosikiliza makala ya kitaaluma kwa rekodi walifanya vibaya zaidi katika jaribio kuliko wenzao walioyasoma, kwa sababu matini ngumu humlazimu mtu kurudi nyuma, kusitisha na kulinganisha, na jicho hufanya hivyo kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo kitabu cha fizikia si mahali pa kuanzia. Hadithi, riwaya, tamthiliya na utenzi ndizo mahali pake.

Vitabu vya sauti vilizaliwa kwa ajili ya watu wasioona. Marekani na Uingereza zilianza kuvitoa katika sahani za santuri miaka ya 1930, na huduma ya Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1935, ililenga kwanza askari waliopofuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Asili hiyo haipaswi kusahaulika, kwa kuwa mtoto asiyeona wa Butiama au Bunda ana haki ya kitabu sawa na jirani yake, na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unaruhusu vitabu vigeuzwe kuwa sauti au nukta nundu kwa ajili ya wenye ulemavu wa kuona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida.

Tanzania, kwa upande wake, ina urithi wa kusikiliza ambao haukuhitaji santuri. Kizazi cha mwandishi kililelewa na kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam, ambamo Debora Mwenda aliwasimulia watoto hadithi kwa sauti iliyotambulika kutoka pwani hadi ziwani. Nyumbani Makoko betri zilizochoka zilianikwa juani pamoja na dagaa ili zipate nguvu ya kukimaliza kipindi, na watoto waliotoka nyumba zenye lugha tofauti walikaa kwenye mkeka mmoja wakisikia kwa mara ya kwanza Kiswahili ambacho hakikuwa cha kuamrisha, kukemea wala kuuza. Katika kipindi hicho mwandishi alijifunza kwamba sentensi inaweza kuahirisha habari yake hadi mwisho na bado msikilizaji akangoja. Upungufu wa redio ulikuwa dhahiri vilevile: hadithi ikipita imepita, aliyekuwa kisimani ameikosa, na hakukuwa na kitabu cha kufungua asubuhi yake ili mtoto aone jinsi maneno yale yalivyoandikwa.

Upungufu huo serikali ilikuwa imeshaupatia dawa, ingawa kwa watu wazima. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliunganisha vitu vitatu: kipindi cha redio, kijitabu kilichochapishwa, na kikundi kilichokutana chini ya kiongozi aliyepewa mafunzo. Wanakikundi walisikiliza kwa pamoja, mmoja akasoma sehemu ya kijitabu, kisha wakajadiliana na kuamua la kufanya kijijini kwao, iwe kuchimba choo au kusafisha chanzo cha maji. Takribani watu milioni 2 walishiriki. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai kwa mfumo huohuo. Kwa maoni ya mwandishi, hii ndiyo rejea muhimu kuliko zote katika mjadala wa vitabu vya sauti nchini, kwa sababu inaonyesha kwamba sauti haikuchukuliwa kuwa mpinzani wa maandishi, na kwamba kilichoipa nguvu ni watu waliokaa pamoja na kuizungumzia. Inashangaza kwamba mpango uliofaa kuwafundisha mamilioni ya wakulima na wavuvi haukugeuzwa mapema kuwa utaratibu wa kawaida wa maktaba za shule.

Vijana wenyewe hawakungoja shule. Katika vibanda umiza, yaani kumbi ndogo za mabati na mabenchi zinazoonyesha video kwa kiingilio kidogo, waliketi saa nyingi wakimfuata mtafsiri wa filamu kama Lufufu, ambaye aliweka sauti yake juu ya sauti ya filamu ya kigeni na kuisimulia kwa Kiswahili chenye vionjo vyake. Baadaye zikaja simulizi za sauti za YouTube, na kwa asiye na bando kukawa na fundi wa mjini Musoma aliyemwekea nyimbo na simulizi kwenye memori kadi. Mwaloni Makoko, redio ndogo yenye sehemu ya kuchomekea kadi huning'inizwa kwenye kichanja huku wanawake na vijana wakigeuza dagaa, na simulizi huendelea hadi mzigo uingie kwenye magunia. Walimu wengi, mwandishi akiwamo katika miaka yake ya mwanzo, waliuona usikilizaji huo kuwa adui wa masomo. Hata hivyo, kijana anayeweza kumfuata msimulizi kwa saa mbili, akikumbuka wahusika, visasi na ahadi zilizotolewa mwanzoni, ana kila kitu ambacho riwaya inamdai isipokuwa njia ya kuifikia.

Kwa kuzingatia hayo, mwandishi alianza kurekodi na wanafunzi wake vitabu vilivyokuwa katika orodha ya fasihi ya sekondari, kwa matumizi ya darasani. Vifaa vilikuwa simu moja ya mwalimu na stoo ya shule, ambayo kuta zake zilifunikwa kwa mablanketi ya bweni ili zisirudishe mwangwi. Kazi ilifanyika jioni, kwa kuwa mchana kulikuwa na upepo wa ziwani, na ilisimama kabisa mvua ilipopiga bati. Walianza na Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthiliya ya Edwin Semzaba kuhusu karani wa sensa anayeacha kazi yake izidiwe na mapenzi. Katika kusoma kimya, wanafunzi walikuwa wameupita mvutano wa Ngoswe na mzee Ngengemkeni Mitomingi kana kwamba ni maelezo tu. Waliposikia maneno ya mzee yule yakisomwa na mvulana aliyejua namna wazee wa ukoo wanavyozungumza na mkwe asiyetakiwa, darasa zima lilicheka mahali ambapo mwandishi wa tamthiliya alikusudia licheke, na baada ya kicheko wakaanza kubishana kama kosa ni la Ngoswe peke yake.

Jambo ambalo halikutarajiwa ni faida waliyoipata wasomaji wenyewe. Msichana mmoja, ambaye usomaji wake darasani ulikuwa wa kasi isiyo na maana, alilazimika kuirudia aya moja mara kadhaa kwa sababu rekodi yake haikueleweka hata kwake, na katika kuirudia akagundua kwamba mkato humwambia msomaji lipi limeambatana na lipi. Alianza kuweka alama za penseli pembeni mwa ukurasa: hapa pumua, hapa huyu anadanganya, hapa sauti ishuke. Alama ya pili kati ya hizo ni uhakiki wa fasihi. Mtihani wa taifa huuliza jambo lilelile kwa maneno mazito zaidi.

Mwalimu Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa mtoto wa nyumba ya Kizanaki, alikuja kutafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare, Julius Caesar iliyotoka mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969, na zote mbili ni kazi zilizotungwa zisikike jukwaani. Wanafunzi wa mkoa alikozaliwa huzijua kama majina ya kukariri, ilhali kipande kifupi cha hukumu ya Shailoki katika Mabepari wa Venisi, kikisomwa vizuri, hulifanya darasa la kidato cha tatu lisahau kengele.

Kuhusu Kiingereza, ambacho huwa lugha ya kufundishia mara mwanafunzi anapoingia sekondari, haja ya sauti ni kubwa zaidi, kwa kuwa tahajia yake haitabiriki na mwanafunzi huisoma kwa kanuni za Kiswahili. Kusikiliza riwaya kama Takadini ya Ben Hanson huku kitabu kikiwa wazi mkononi, kidole kikifuata mstari, humwonyesha mwanafunzi kwa wakati mmoja jinsi neno linavyoandikwa, linavyotamkwa na linavyotumika.

Pingamizi zinazotolewa zinastahili kujibiwa kwa heshima. Simu zimekatazwa kwa wanafunzi shuleni, na katazo hilo lina sababu zake, lakini redio ya kadi iliyo mikononi mwa mwalimu au mkutubi haivunji kanuni yoyote, na inatosha kwa kikundi cha watoto chini ya mwembe. Haki za watunzi, zinazolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, zinadai kwamba rekodi ya darasani isisambazwe mitaani bila ruhusa ya mchapishaji. Pingamizi la lafudhi ndilo linalomgusa mwandishi zaidi. Wapo wanaodai kwamba wasomaji wa kanda ya ziwa, ambao baadhi yao hubadilishana l na r, wasirekodiwe, na kwamba sauti zote zitoke Dar es Salaam au Unguja. Matamshi sanifu yafundishwe, na msomaji ajizoeze kabla ya kurekodi. Lakini mtoto ambaye hajawahi kusikia kitabu kikisomwa na sauti inayofanana na ya dada yake hufikia hitimisho la kimyakimya kwamba vitabu ni vya watu wengine.

Kwa sababu hiyo kitabu ambacho mwandishi anakitamani kuliko vyote ni cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa jirani cha ziwa hilohilo. Kitereza alimaliza kuandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akangoja miaka mingi bila kupata mchapishaji, mwishowe akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Ni kazi kubwa ya vitabu viwili, na unene wake huwatisha vijana, ambao huirudisha rafuni baada ya kurasa chache. Mwandishi aliposoma kwa sauti sehemu ambayo Myombekere anakwenda ukweni kumwomba mkewe arudi, wanafunzi wa Kijita na Kikwaya wa Bunda walianza kukamilisha maamkizi kabla hayajaisha, wakasahihishana kuhusu nani huketi wapi, na wakataka kujua kama wakwe watapewa pombe ya ndizi waliyoidai. Kukirekodi kitabu hicho kizima kutahitaji ruhusa ya wenye haki, chumba kimya kwa miezi kadhaa na wasomaji wa kupokezana, mwanamume na mwanamke, waliokulia ukanda huu na wanaojua pa kupumua katika maamkizi marefu ya mtu na wakwe zake.